Samaki Mkavu

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Mimi nina miaka hamsini na mitatu,
nimeanikwa kwenye baridi ya Oulu tangu kuzaliwa.
Nilimwambia hivyo Daktari Ylitalo,
naye hakuinua macho kutoka kwenye picha ya taya langu.
"Mfupa si samaki," alisema.
"Ukisukumwa polepole, husogea. Ukiharakishwa, hununa."

Hilo nalijua. Riziki yangu ni kukaza nyuzi za piano,
na ufunguo wangu hauzungushwi, hunong'onezwa.

Magego ya nyuma yalibeba kazi ya kinywa kizima,
yakasagika kama kizingiti cha posta.
Meno ya mbele, ya juu na ya chini, hayajawahi kusalimiana:
katikati palibaki mwanya wa kupitisha sarafu.
Uzi wa kushonea sikuweza kuukata.
Kila asubuhi kichwa kiligonga kabla ya saa.
Na chini, pale mawili yalipogombea kiti kimoja,
mswaki haukufika, ufizi ukawa unatema damu.

(Sababu nyingine sikumtajia daktari.
Katika picha ya harusi, Aune anacheka;
mimi nimefumba mdomo kama bahasha.)

Alinitandikia trei: vibati vya chuma;
vibati vya kauri, rangi ya jino, bei ya kinubi;
vikombe vya plastiki angavu, cha juu na cha chini,
saa ishirini na mbili kwa siku, kuvua wakati wa kula tu.
Kwa taya zilizokaa kombo mno kuna kisu pia, akasema,
lakini yako yatasikia waya.
Nikachagua plastiki. Niseme kweli: niliona aibu.
Wiki ya tano, katika shule moja ya Kempele,
nikavifunga kwenye leso juu ya kifuniko cha piano
ili nile mkate wangu. Mfagiaji alikuwa mtu safi.

Basi, chuma.

Usiku wa kwanza nilikula viazi vya kupondwa
nikamchukia kila mwenye tufaha.
Shavu likachubuka kwa ndani.
Kwenye chumba cha kusubiri, msichana mwenye vimpira vya kijani
aliniuliza, "Wewe ni babu wa nani?"
"Mimi ndiye mgonjwa."
Alinitazama kinywani kama fundi anavyomtazama fundi,
akachomoa mfukoni kidonge cha nta
akanionyesha jinsi ya kukibandika kwenye kibati kinachochoma.
Anaitwa Pihla. Ana miaka kumi na miwili.

Miezi kumi na tisa.
Kila baada ya wiki sita, mkazo kidogo.
Herufi ya S ikawa inapiga mluzi kwenye simu;
wateja walidhani ni upepo.
Sikuona chochote kikitembea,
kama usivyoiona theluji ikipungua
mpaka siku unapouona uzio.

Sisi wa kazi hii tuna uma wa sauti:
unaugonga gotini, unaung'ata shina,
na noti inapanda kwa mfupa hadi sikioni.
Miaka thelathini niliung'ata kwa gego, kando, kama mbwa.
Siku vibati vilipobanduliwa niliketi ndani ya gari, injini imezimwa,
nikaugonga, nikaung'ata kwa mbele.
La. Ile ile ya siku zote.
Ila sasa imeingia kwa mlango wa mbele.

Kichwa bado huuma mara moja moja; daktari hakuahidi muujiza.
Na kila usiku navaa kikombe cha kulalia, meno yasirudi kwao.
"Mpaka lini?" nilimuuliza.
"Wewe huwaambiaje wenye piano?"
Nikanyamaza. Huwaambia: tutaonana vuli.

Nyumbani Aune alikuwa anashona kitufe cha koti langu,
mkasi umepotelea chini ya magazeti.
"Lete hapa," nikasema.
Akanisogezea uzi.